Mkwaruzo Utakaoonekana Tororo

Gari likioshwa Adungosi, kwenye barabara ya Malaba, mwenyewe anaweza kuvuka mpaka asirudi tena. Mdomo wa ekzosi ya stenlesi umeganda masizi. Waya wa kusugulia sufuria huyatoa chapchap: mdomo unang'aa, pesa inalipwa. Lakini waya huo huacha mikwaruzo na chembe za chuma, na chembe zikinyeshewa hushika kutu. Yeye ataiona akiwa Tororo. Kitambaa laini na dawa ya kung'arisha, ekzosi ikiwa imepoa, hula muda. (Na masizi, jamani, yatarudi tu.) Je, una deni kwa mtu usiyetarajia kumwona tena? Wapo wasemao akishalipa, yameisha. Sikubali: alilipia alichokiona, nawe ulijua asichokiona. Angalau mtajie bei zote mbili kabla hujainama, achague mwenyewe.