Shahidi Aliyechelewa

Je, ushuhuda unaochelewa hupungukiwa na ukweli? Swali hili sikulijali mpaka nilipotoka Shinyanga kwenda kuwazuru jamaa zangu katika kijiji kimoja cha wachimbaji, wilayani Geita, nikaalikwa barazani. Mjane mmoja alieleza kwamba duara alimofia mumewe lilikuwa limeachwa bila magogo ya kulishikilia. Miezi saba ilikuwa imepita. Mzee mmoja akamwuliza, "Mama, mbona hukusema siku ya msiba?" Mjane akanyamaza. Wengi wakatikisa vichwa, nami nikatikisa changu.

Huko Geita jicho hutangulia sikio. Baruti ikilipuka mbali, vumbi huonekana kwanza, mshindo ukafuata, maana sauti ni mvivu wa safari. Nilidhani kila kuchelewa ni kwa namna hiyo, mpaka niliposoma habari za blaza. Blaza ni kiini cha galaksi ya mbali, chenye shimo jeusi kubwa mno linalorusha mkondo wa chembe karibu sawasawa na upande wetu. Mkondo ukiwaka, mara nyingi miale ya gama hufika kwanza, na mawimbi ya redio baadaye. Mwaka 2014 wataalamu waliozipima blaza nyingi, kwa darubini ya redio ya Effelsberg, Ujerumani, pamoja na nyinginezo, walitangaza kwamba kwa wastani mawimbi ya sentimita 11 yalichelewa siku 76 hivi, na yale ya milimita 2 kama siku 7.

Lakini gama na redio zote ni nuru, na mwendo wake ni mmoja. Safari haikumchelewesha yeyote. Kizuizi kilikuwa pale pa kuzaliwa: penye msongamano wa elektroni na nguvu za sumaku, mawimbi ya redio humezwa na mkondo uleule unaoyazaa, hali miale ya gama hupenya. Mpaka sehemu ile iliyowaka isogee mbele na kutanuka, ndipo redio hupata mlango; na wimbi refu hungoja zaidi.

Sisemi kila achelewaye asadikiwe. Wataalamu wenyewe huonya kwamba mwako wa redio waweza kuufuata wa gama kwa sadfa tu, wala hawaukubali undugu wao kabla ya kuupima. Lakini hawaukatai kwa kuwa umechelewa. Huuliza ulizuiwa na nini, na kwa urefu wa kuchelewa hukadiria ulitoka kina gani.

Mjane yule alikuwa akiishi katika nyumba ya mwenye duara. Alihama wiki mbili kabla ya baraza. Hakuna aliyemwuliza habari hiyo. Nami nilikuwa nimeijua tangu asubuhi.