Je, Msimulizi ni Mwongo?
Msimulizi aitapo "Paukwa!" nasi tukaitika "Pakawa!", hufuata maneno haya: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Wako waulizao: je, si dhambi kufurahia uongo? Twajibu: sivyo. Mwongo huficha uongo wake ili adanganye. Msimulizi huutangaza mlangoni, nasi twaingia kwa hiari yetu. Mfalme Daudi alipokwisha kumwua Uria kwa hila na kumtwaa mkewe, nabii Natani hakuanza kwa kumlaumu. Alimsimulia habari ya tajiri aliyemnyang'anya maskini mwana-kondoo wake wa pekee. Daudi akaghadhibika, akahukumu. Kumbe amejihukumu mwenyewe. Basi, wazazi, msiache kusimulia jioni. Mtoto aliyezoea kumhukumu Fisi mlafi, kesho ataona haya kuunyosha mkono wake mwenyewe.