Ulimwengu wa Tatu

Watu wengi hudhani ya kuwa jina hili ni cheo katika mashindano: wa kwanza tajiri, wa tatu maskini. Sivyo lilivyozaliwa. Mwaka 1952 Mfaransa Alfred Sauvy, mtaalamu wa hesabu za watu, aliona mataifa ya Magharibi na ya Kikomunisti yakigombea dunia, na mataifa mengine yamesahauliwa katikati. Akakumbuka Ufaransa ya kabla ya mapinduzi ya 1789. Huko makasisi walikuwa tabaka la kwanza, makabaila la pili, na raia wote waliobaki la tatu. Tabaka hilo la tatu ndilo lililobeba mzigo mkubwa wa kodi, na ndilo lililoinuka kudai haki yake. Basi jina lilikuwa la wadai. Nashangaa kuwasikia vijana wetu wakilitamka kwa sauti ya waombaji.

Maana iligeuka upesi. Uswisi haikuwa upande wowote katika ugomvi ule, lakini ni nani aliyeiita ya tatu? Utajiri wake uliikinga. Nao ulimwengu wa pili ulivunjika pamoja na Muungano wa Kisovieti mwaka 1991, wa tatu ukabaki unahesabiwa bila wa pili.

Siku hizi wataalamu hupanga nchi kwa kipato. Mwaka 2014 Kenya ilihesabu upya mapato ya taifa, ikajikuta imo katika kundi la kipato cha kati. Asubuhi iliyofuata, kibaba cha unga katika nyumba ya mkulima kilikuwa kile kile.