Msiba wa Asiye na Ndugu

Sisi tunaoishi Mwanjelwa, jijini Mbeya, tumezoea mchanganyiko. Barabara kuu iendayo Tunduma na reli ya TAZARA zimeleta watu wa kila namna. Mji umejengwa katika nchi ya Wasafwa. Wanyakyusa wametoka Rungwe na Kyela, Wakinga wametoka Makete na kufungua maduka, Wandali, Wanyiha na Wabena nao wapo, na Waislamu na Wakristo hupanga nyumba moja. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, na lile la SIDO mwaka 2017, hasara iliwapata watu wa makabila yote.

Basi tunasema tunaishi kwa amani, na ni kweli. Lakini je, kutogombana ndiko kupendana?

Kipimo ni msiba. Mwenye ukoo mjini akifa, turubai hufungwa, daftari la rambirambi hujaa, na gari la kusafirisha mwili hupatikana. Akifa mpangaji aliyekuja peke yake kubeba mizigo sokoni, nani atakaa mkekani? Wapo wasemao kila kabila lizike watu wake, kwa kuwa ndilo linalozijua mila zao. Hoja hiyo ina uzito, maana si vema marehemu kuagwa na watu wasiojua hata kwao ni wapi. Hata hivyo, utaratibu huo humfaa mwenye ndugu tu.

Yule mwanasheria katika Luka 10 alitaka kujua jirani yake ni nani, yaani wajibu wake uishie wapi. Yesu alimsimulia habari ya Msamaria, kisha akamrudishia swali: ni nani aliyekuwa jirani wa yule majeruhi? Msamaria hakuuliza ukoo. Alitoa mafuta, divai, mnyama wake na dinari mbili. Upendo ule ulikuwa na gharama ya kuhesabika.

Kwa hiyo jumuiya zetu, hapa na kule Kihesa, Iringa, wanakopanga wanafunzi wengi kutoka mbali, zianze na mambo madogo. Kila mpangaji mgeni aulizwe kwao ni wapi, na nani apigiwe simu akiugua. Mfuko wa msiba uwe wa mtaa mzima, si wa ukoo wala wa dhehebu. Watu na walie kwa Kinyakyusa, kwa Kikinga au kwa Kihehe. Hakuna anayedaiwa kuacha lugha ya mama yake. Tunachodaiwa ni kwamba asizikwe mtu kati yetu bila wa kumlilia.