Adabu ya Kuuliza kwa Mwajiriwa Mpya

Kijana aliyelelewa baina ya Buguruni na Kariakoo hahitaji kufundishwa kuuliza bei. Pale Mtaa wa Kongo husimama mbele ya doti moja ya khanga akauliza bei, akauliza kama rangi inachuja, akaenda duka la pili, akarudi, akapunguziwa. Lakini kijana huyo huyo, siku anapoitwa kwenye ghorofa la Barabara ya Samora akabidhiwe mkataba utakaotawala mchana wake kwa miaka miwili, hutia sahihi upesi pasipo kuuliza hata neno moja, kwa kudhani kuwa kimya ni staha, na kwamba mwenye kuuliza ataonekana ama ana tamaa ama ni mzito wa kuelewa. Dhana hiyo imewadhuru wengi, wakiwamo waliokuwa na akili kuliko mabwana zao.

Basi, mwanangu, swali la kwanza ni la karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humtaka mwajiri amwandikie mwajiriwa maelezo ya kazi yake, mahali pake, tarehe ya kuanza, namna ya mkataba na muda wake, saa za kazi, na ujira pamoja na jinsi unavyokokotolewa. Kwa hiyo uombapo hati hiyo huombi hisani, waomba haki, ingawa haki nayo huombwa kwa ulimi laini. Sema tu: "Shikamoo mama. Naomba nakala ya mkataba niisome nyumbani, kesho asubuhi nitairudisha." Afisa utumishi mwenye insafu hatachukia, na yule atakayechukia amekwisha kukujibu swali ambalo hukuliuliza. Katika kusoma, tazama kama saa za kawaida hazizidi 45 kwa juma na likizo ya mwaka haipungui siku 28. Tena uliza muda wa majaribio ni miezi mingapi, na nani atakayekupima, na kwa mizani gani. Maana aliye kazini chini ya miezi sita hana kinga ya vifungu vile vya sheria vinavyozuia kuachishwa kazi isivyo haki, na si vema mtu akapimwa kwa kipimo asichokijua.

Swali la fedha ndilo linaloonewa haya zaidi, nalo ndilo lisilostahili haya hata kidogo. Uliza hivi: "Mshahara huu ni kabla ya makato au baada yake?" Tuseme umeahidiwa shilingi 800,000 katika kampuni binafsi. Mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, utachukua asilimia 10, yaani 80,000, na mwajiri ataongeza kumi zake. Zilizobaki, 720,000, ndizo za kutozwa kodi; na kwa viwango vilivyotumika tangu Julai 2021, 270,000 za kwanza husamehewa, 250,000 zinazofuata hutozwa asilimia 8, na 200,000 za juu asilimia 20, jumla 60,000. Ikiwa ulisoma chuo kikuu kwa fedha za Bodi ya Mikopo, itakudai asilimia 15 ya mshahara, yaani 120,000. Mkononi zitaingia 540,000, na hapo bima ya afya haijatajwa. Aliyekwisha kumtangazia mama yake laki nane, akachukua chumba Ilala Boma kwa hesabu ya laki nane, na mwenye nyumba akamtaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, atakuwa mdaiwa kabla hajajua choo cha ofisi kiko upande gani. Fauka ya hayo, uliza michango yako hupelekwa lini katika mfuko, kisha ukahakikishe mwenyewe, kwani wapo waajiri hodari wa kukata na wazito wa kupeleka.

Ukishakaa kitini, badili watu wa kuwauliza. Mkuu wa idara ana majibu makubwa, lakini majibu ya kila siku yako kwa mhudumu, kwa katibu muhtasi na kwa karani wa masjala. Hao ndio wajuao barua ya aina gani haiendi juu ila "kupitia kwa" fulani, dokezo huandikwa upande gani wa faili, masurufu ya safari hurejeshwa kwa stakabadhi zipi, na mkubwa yupi hapendi kuingiliwa kabla ya chai. Wajue kwa majina yao. Na ikiwa umepewa cheo nawe una miaka 24, ukakuta chini yako karani wa miaka 55, wengine watakunong'oneza kuwa bosi haamkii; wapuuze. Daraja halifuti umri: mwamkie shikamoo, kisha mpe kazi.

Swali moja ninalolipenda kuliko mengine ni hili: "Aliyekuwa kwenye kiti hiki aliacha kazi gani hazijakwisha?" Mtu mwungwana akiulizwa hivyo hutaja mafaili, na mara nyingi, bila ya kuhimizwa, hutaja pia kwa nini yule aliondoka. Lakini mshahara wa jirani yako wa ofisini usiuulize.

Lipo jambo ambalo vijana husahau kabisa, nalo ni chama cha wafanyakazi. Mwaka 1922 huko Tanga, Martin Kayamba, naye karani, aliongoza kuundwa kwa chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1929 ikaundwa African Association hapa Dar es Salaam, ambayo makao yake yakawa New Street, Mtaa wa Lumumba wa leo, hatua chache kutoka soko la Kariakoo. Wengi wa wanachama wa vyama hivyo walikuwa makarani na walimu, watu waliokwisha kuona kwamba swali la mtu mmoja kwa bwana mkubwa hupokewa kama ufidhuli, ilhali swali hilo hilo likiletwa na chama hupewa kiti na kujibiwa kwa barua. Uliza, basi, kama pana tawi la TUICO au la chama kingine mahali pako, ada yake ni kiasi gani, na mwakilishi ni nani; na jibu la hilo utalipata upesi wakati wa chai ya saa nne kuliko ndani ya chumba cha afisa utumishi.