Kipande

Karibu kila aina ya seli mwilini mwako inajichongea. Hebu ona inavyofanya. Protini za ndani ya seli hukatwakatwa vipande vidogo, na vipande hivyo hufika kwenye mlango unaoitwa TAP: protini mbili zilizoshikana, TAP1 na TAP2, zinazotumia nishati ya ATP kuvivusha hadi chumba cha ndani. Mlango huu hupendelea vipande vya asidi amino 8 hadi 16. Huko hupunguzwa, hupachikwa kwenye protini za HLA, kisha huangikwa nje ya seli hadharani, kama papa wa kukaushwa. Seli T za doria hupita zikisoma. Zikikuta kipande cha virusi, au cha kimelea cha malaria kilichojificha kwenye seli ya ini, basi, seli hiyo inauawa.

Haya niliyasoma baada ya kuacha chuo, bila mtihani wa kuogopa, na swali lililonishika si la biolojia. Je, ni haki kumdai mtu aonyeshe ya ndani mwake ndipo aachwe aishi?

Si tunaambiwa, asiye na la kuficha ataogopa nini? Na mwili, kwa mtazamo wa kwanza, unakubali. Seli nzima nayo huonyesha vipande vyake, kwa hivyo kuonyesha si aibu. Virusi vya hepesi huziba mlango wa TAP ili seli inyamaze, lakini ukimya wenyewe unazua shaka: kuna seli nyingine, tuziite askari kanzu, zinazoshuku seli isiyo na HLA. Huna kipande, uko taabani.

Neno hilo tunalijua. Wakoloni waliwavalisha wanaume Waafrika kipande shingoni, ndani ya kikebe cha chuma. Siku hizi ni kitambulisho, na ukisimamishwa usiku Malindi huna, jieleze bana. Wapemba waliovua pwani hii kwa vizazi, wakazaa na kuzika hapa, walingoja hadi 2023 serikali ikawatambua kuwa Wakenya. Walikuwa na nyavu, hawakuwa na cha kuonyesha.

Lakini kuna seli nyekundu za damu. Hazina kiini, na HLA yao ni kama haipo. Askari kanzu huziacha tu, maana kukosa HLA pekee hakutoshi kuhukumu. Hutafuta pia dalili nyingine. Siku kama 120 zinabeba oksijeni bila kuulizwa.

Ukimya huo una gharama. Kimelea kikitoka kwenye ini baada ya wiki hivi, huingia humo humo, mahali seli T za doria hazina cha kusoma. Homa ambayo watafiti wa KEMRI na Wellcome wanaichunguza Kilifi tangu 1989 inatoka huko. Imeua watoto wengi, na siwezi kuiita bei ndogo. Ila mwili hauui seli zote nyekundu eti kwa kuwa baadhi zimeficha mgeni, ungekosa pumzi. Kazi ngumu inaachiwa wengu: huzipitisha moja moja kwenye mianya myembamba, na iliyokakamaa hukwama. Inapimwa kwa inavyojikunja.

Mvuvi wa Kipemba angepimwa hivyo, kwa anavyoshika usukani kusi likivuma, angepita zamani, mbele yangu mimi mwenye kadi mfukoni nisiyejua hata kufunga tanga.