Je, Picha Iliyounganishwa ni Uongo?



Uongo ni nini? Wengi wenu mtajibu upesi: ni kusema jambo lisilo kweli. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Bibi akiwasimulia wajukuu wake jinsi sungura alivyomshinda fisi kwa maneno, hakuna mtoto amwitaye bibi mwongo, ingawa sungura hasemi. Basi yafaa tutafute jibu lililo kamili zaidi, na leo tutalitafuta katika picha zilizotengenezwa Lubumbashi.

Sammy Baloji alizaliwa katika mji huo mwaka 1978. Mwaka 2008 yeye na wenzake walianzisha huko chama kiitwacho Picha, kiandaacho maonyesho makubwa ya sanaa. Lakini kabla ya hapo, kati ya 2004 na 2006, alitengeneza picha alizoziita Mémoire, maana yake Kumbukumbu. Alipiga picha za viwanda vya Gécamines, kampuni ya shaba iliyorithi mali ya Union Minière du Haut-Katanga: majengo yaliyochakaa, vyuma vyenye kutu, viwanja visivyo na mtu. Kisha akatwaa picha za kale, za wakati wa Wabelgiji, akatoa humo wafanyakazi na wasimamizi wao, akawaweka katikati ya magofu. Magofu yana rangi zake. Watu wale wamebaki weusi na kijivu, kama walivyokuwa katika picha za kwanza.

Pengine mtu atasema: “Huu ni udanganyifu! Watu hao hawakusimama kamwe katika magofu hayo. Tena ni marehemu, wala hawakuulizwa.” Hayo ni mashitaka mawili. Tuyajibu moja moja.

La kwanza. Mwongo hutaka mwenzake aamini lisilo kweli, kwa hiyo huficha. Baloji hakuficha kitu. Hata mtoto, akiitazama picha, huona kwamba watu na majengo si wa siku moja. Picha haisemi, “Watu hawa walisimama hapa.” Yasema, “Watu hawa na magofu haya ni habari moja.”

Je, neno hilo ni kweli? Tazameni. Union Minière iliundwa mwaka 1906, na wengi waliochimba shaba yake miaka ya mwanzo waliletwa kwa nguvu kutoka vijijini. Baada ya serikali kuitwaa mali yake mwaka 1967, kazi iliendelea, na katikati ya miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1994 hazikufika 50,000. Kuanzia mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa fedha kidogo. Watu waliozoea kuiita kampuni baba na mama wakawa kama yatima.

Sasa fikirini jambo la ajabu. Picha ya kale, ikiachwa peke yake, huonyesha safu zilizonyoka na kazi yenye utaratibu, atazamaye husema, “Zamani kulikuwa kwema.” Picha ya magofu, ikiachwa peke yake, humfanya aseme, “Waliokuja baadaye ndio walioharibu yote.” Hakuna iliyoghushiwa, lakini kila moja yaweza kumpoteza mtu. Zikiunganishwa, moja humzuia mwenzake asidanganye. Ndiyo maana twasema: uongo haumo katika mkasi wala katika gundi. Umo katika nia ya mtu na katika jambo analolificha.

Shitaka la pili ni zito zaidi. Ni kweli, marehemu hawakuulizwa. Lakini hata aliyewapiga picha mara ya kwanza hakuwa mgeni wao. Aliwapiga kama mali ya kampuni, na mara nyingi hata majina yao hayakuandikwa. Hakuna awezaye kuwaomba ruhusa leo. Linalobaki ni heshima: je, wametumiwa kwa mzaha, au wamerudishwa mahali walipotolea jasho? Hapa wamerudishwa. Hata hivyo deni halijaisha, kwa maana uso bila jina ni nusu ya mtu.

Siku hizi simu ya mkononi yaweza kuunganisha picha mbili hata kiungo kisionekane. Basi, mkiletewa picha yenye kuwakasirisha au kuwashangaza, msiulize tu kama imeunganishwa. Ulizeni: Aliyeitengeneza anaficha nini? Anataka niamini nini? Ni nani atakayepata hasara nikiamini? Na ikiwa nyumbani mwenu iko picha ya mzee aliyefanya kazi ya shaba, ulizeni jina lake wangali hai wanaolijua, mkaliandike nyuma yake.